Springi Inayotaka Kulala

Panya alipita juu ya meza ya unga saa tisa alasiri, mbele ya bwana afya, bila haraka, kama mwenye nyumba anayekagua mali yake. Alikuwa mkubwa, mgongo wa kijivu, mkia mrefu kama kamba ya buti. Alisimama katikati ya meza, akamtazama bwana afya, kisha akashuka upande wa pili na kupotelea nyuma ya tanuri.

Bwana afya alifunga daftari lake taratibu. Hakupandisha sauti. Alimwambia mwoka mikate kwamba leo ni Jumatatu, anampa wiki mbili kamili, na Jumatatu atakayorudi atakuja na kufuli na utepe mwekundu mfukoni. Akikuta hata punje moja ya kinyesi cha panya, atafunga.

Mwoka mikate aliitika tu kwa kichwa. Alikuwa ameoka kwenye matanuri ya watu miaka tisa kabla ya kujenga lake, na lile tanuri alilijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, udongo umejaa kwenye kucha. Alipobaki peke yake alikaa juu ya gunia la unga, akamwita baba yake kwa kugonga ukuta.

Baba wa binti huyu mwoka mikate alikuwa upande wa pili wa ukuta huo, katika kichumba cha kutengeneza saa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Saa, na wengine hawakujua kama aliwahi kuwa na jina jingine. Alikuja na kioo chake cha kukuzia bado kimening'inia kwenye paji la uso.

Walikuwa wamejaribu mengi. Mtego wa kwanza panya alikula chambo akaacha mtego umekaa vilevile. Wa pili aliuburuta hadi mlangoni, kama anayewarudishia chombo chao. Sumu haikuruhusiwa penye unga, na binti hakutaka mzoga uoze ndani ya ukuta. Paka wa jirani aliazimwa siku mbili. Alilala juu ya tanuri lenye joto akarudi kwao amenenepa. Hapo ndipo binti alipompa yule panya cheo cha Meneja, maana, alisema, ndiye pekee humu ndani asiyefanya kazi na anayepita kila rafu.

"Nitampiga," alisema Mzee Saa.

"Kwa kitu gani, baba? Kwa saa ya ukutani?"

"Kwa bunduki ya upepo."

Binti alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaona kwamba baba yake hacheki.

Siku tatu ziliishia polisi kwenye mambo ya kibali. Siku ya nne, karatasi yenye mhuri mkononi, Mzee Saa aliingia duka la pembejeo ambako mama mmoja mnene, mwenye miwani, aliuza majembe, mbegu, na bunduki za upepo zilizopangwa ukutani kama mafagio. Macho ya mzee yalikwenda moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote, yenye darubini juu yake. Mama wa duka aliishusha, akamwambia aikunje mara kumi.

Bunduki za aina hii hukunjwa. Unashika mtutu, unauvuta chini kama mtu anayevunja kuni kwa goti, na ndani yake springi nene inarudishwa nyuma hadi inase. Mara ya kwanza Mzee Saa alitabasamu. Mara ya nne mikono ilikuwa inamtetemeka. Ya sita hakuimaliza.

"Basi hiyo si yako, mzee wangu," alisema yule mama. "Anayetetemeka hapigi panya, anapiga tanuri."

Alimweleza mengi, na mengi yalikuwa ya maana. Darubini hahitaji kwa umbali wa hatua nane, na isitoshe bunduki ya springi hupiga teke mara mbili, nyuma kisha mbele, na darubini za bei poa hupasuka matumbo. Yenye nguvu sana itampitiliza panya na kugonga tofali, na kinachogonga tofali kinarudi kwa mwenyewe. Alimpa ndogo, yenye tundu la mtutu la milimita nne na nusu, kitako cha mbao, nyepesi, inayokunjika bila kuuma meno. Akampa kopo la risasi zenye kichwa cha duara na kiuno chembamba kama nyigu. Kisha akanyoosha vidole vitatu. Usiifyatue tupu, maana pistoni inayosukumwa na springi itajigonga yenyewe. Usitie mafuta kwenye tundu la upepo, maana yatawaka ndani. Na usiiache imekunjwa; ikunje ukiwa unapiga, basi.

Hapo Mzee Saa alijisikia kuguswa pabaya.

"Mama, mimi nimeshika springi kabla wewe hujazaliwa."

"Sawa, baba. Ila saa haimpigi mtu teke."

Jioni ile, nyuma ya kichumba chake, aliweka kreti lililojaa mchanga na matambara, akabandika karatasi yenye duara la kalamu. Alikunja, akatia risasi, akalenga, akabonyeza. Bunduki ikaruka mkononi kama kitu kilichoamshwa ghafla. Hakukuwa na moto wala baruti. Palikuwa na mlio mfupi, kama mlango wa kabati uliofungwa na mtu mwenye hasira, na kwenye karatasi, tundu. Mzee Saa alikwenda kulitazama. Alitia kidole cha shahada mle ndani. Upepo tu. Hewa ileile aliyokuwa akiivuta puani miaka yote hii, imebanwa kwa nukta moja, na tazama ilichofanya.

Alirudi akapiga tena, na tena. Risasi zilitawanyika huku na huku, na alishangaa, maana mkono wake ulikuwa mkono wa kushika skrubu zisizoonekana. Kwa siku mbili alibana bunduki kama anayembana mwizi, na kwa siku mbili ikamdharau. Siku ya tatu alichoka, akailaza tu juu ya kiganja, bila kuibana, bega likiigusa kwa mbali, akaiacha iruke inavyotaka. Risasi kumi zikaingia mahali ambapo kifuniko cha saa ya mkononi kingezifunika zote.  Kumbe hiki chuma kilitaka kuachwa kifanye mambo yake.

Kosa lake lilikuja hapo, na lilikuwa kosa la fundi saa. Katika kazi yake, springi iliyolegea ni springi iliyokufa. Saa anayoiacha mteja kwenye rafu, Mzee Saa huijaza, yaani huikaza springi yake, kila asubuhi, hata kama mwenyewe kasafiri mwaka mzima, kwa sababu saa isiyojazwa hushika kutu na uvivu. Basi akaikunja bunduki, akatia risasi, akafunga kishikizo cha usalama, akaisimamisha kwenye pembe nyuma ya kiti chake, kando ya tanuri, tayari kwa Meneja. Ufunguo wa chumba cha tanuri alitembea nao shingoni, mgeni asije akaigusa. Ilikaa hivyo siku nne, mchana na usiku, mgongo kwenye tofali za moto. Na kila alasiri, binti alipokuwa amelala baada ya kazi ya alfajiri, mzee alikaa kwenye kiti, akasubiri. Alijiona ameiweka silaha yake katika afya njema.

Alhamisi ya wiki ya pili Meneja alitoka. Alikuja chini ya meza, mbele kabisa ya kreti jingine la mchanga ambalo mzee alikuwa ameliweka pale kupokea risasi. Akaketi, akaanza kujisafisha uso kwa mikono miwili. Hatua nane. Mzee Saa aliilaza bunduki kwenye kiganja, akashusha pumzi nusu, akalenga chini kidogo ya sikio, akabonyeza.

Mlio ulikuja mnene, wa kivivu. Vumbi la mchanga likaruka chini ya kidevu cha panya, upana wa kidole kimoja. Meneja aliacha kujisafisha. Alimtazama mzee kama anayesubiri kuelezwa. Kisha akaondoka.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimejaa usingizi.

"Ulisema hukosi."

"Sikukosa mimi."

"Nani basi, baba? Maana nina siku tatu."

Mzee alichukua bunduki. Alirudi kwenye karatasi yake nyuma ya kichumba, akapiga risasi tano. Zote tano zilikaa pamoja vizuri, zimekumbatiana, ila chini kwa kidole. Mkono haukuwa na kosa. Alikaa kitako juu ya kopo la rangi, akaanza kuhisi joto la aibu likimpanda shingoni, kwa sababu alikumbuka kidole cha tatu cha yule mama.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Mama wa duka alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Alimpa springi mpya, kopo dogo la grisi nzito, na onyo kwamba ile ya zamani, hata ikiwa imechoka, bado inaweza kuondoka na jino la mtu akifungua ovyo. Mzee Saa aliazima klampu ya seremala. Alihakikisha bunduki haina risasi wala haijakunjwa, akaibana kwa klampu, akatoa pini, akalegeza robo mzunguko, akapumua, robo nyingine.

Springi ikatoka mikononi mwake bila fujo, ndefu, nyeusi kwa grisi. Akaifuta, akailaza mezani kando ya mpya. Ile ya zamani ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili, na katikati imepinda kidogo, kama mgongo wa mbeba mizigo.

Alishusha kioo chake, akazitazama zote mbili. Miaka arobaini na mitatu alikuwa ameishi na springi. Alijua springi ya saa hujazwa ikaachia nguvu zake kwa tone, siku nane, usiku na mchana, na kazi yake yote ni kule kuachia. Hii ilikuwa chuma cha ukoo uleule, ndugu wa tumbo moja, lakini ilichotoa ilikitoa chote kwa mkupuo, kabla jicho halijafumba. Na baada ya hapo ilitaka kulala, bila kubebeshwa kitu. Yeye alikuwa ameilazimisha kusimama imebeba gunia siku nne karibu na moto. Alijikuta anaigusa ile ya zamani kwa upole, kama anayeomba radhi. Kwamba kulikuwa bado na springi duniani asiyoijua, kwa umri ule, ilimtisha na kumfurahisha kwa pamoja, na hakuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Alipaka springi mpya grisi kidogo, kidogo kabisa, kwa ncha ya njiti, akaitia ndani. Jumamosi alipiga risasi thelathini. Tano za kwanza zilitoa moshi mwembamba wenye harufu, maana grisi iliyozidi iliungua, kama alivyoambiwa. Kisha moshi ukaisha. Risasi zikapanda zikarudi mahali pake.

Binti alimletea chai, na hapo mzee akamwambia ukweli: kwamba aliambiwa, akajifanya anajua, na kosa lote ni lake. Binti aliangalia tundu kwenye karatasi.

"Na kesho?"

"Kesho sitaikunja mpaka nimsikie."

Jumapili alasiri alikaa kwenye kiti, bunduki imelala magotini, springi imelegea. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani. Kila baada ya dakika chache mkono ulitaka kwenda kwenye mtutu wenyewe. Saa nane ikapita. Saa tisa. Kisha ndani ya ukuta, meno yakaanza kukwaruza. Aliufunga mtutu kwa tambara ili usilie, akakunja, akatia risasi, akatulia. Meno yakanyamaza. Alihesabu hadi mia mbili. Hakuna. Basi akafanya kitu ambacho wiki iliyopita asingekifanya kwa dawa: alilenga mchanga, akaifyatua, akaiacha springi ipumzike, akaanza kusubiri upya kutoka sifuri.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja meno yaliporudi. Alikunja tena, akatia risasi. Safari hii Meneja alitoka mzima mzima, akapita chini ya meza, akasimama mbele ya kreti. Mwanga wa dirishani ulimwangukia ubavuni. Mzee Saa aliona kila unywele wa sharubu ukitetemeka, aliona kifua kidogo kikienda kasi, haraka kuliko saa yoyote aliyowahi kuifungua. Alimheshimu. Alijua hana ruhusa ya kumwumiza tu. Ama mara moja, ama asipige.

Akabonyeza.

Panya alilala palepale alipokuwa, bila hata kugeuka. Tanuri lilikuwa linapoa, tofali zake zikitoa vile vilio vidogo vya kusinyaa. Mzee hakunyanyuka mara moja. Binti alipokuja alimkuta bado ameshika bunduki kwenye kiganja wazi.

"Ni mzito," alisema binti, alipomwinua kwa koleo.

Wakavuta rafu ya nyuma, wakalikuta tundu kando ya tanuri, pana kama ngumi. Waliliziba kwa wavu wa chuma na saruji mpaka vidole vikawachubuka, wakafagia, wakasugua kila pembe kwa maji ya moto.

Jumatatu bwana afya alikuja na kufuli lake. Alipiga tochi chini ya meza, nyuma ya magunia, juu ya rafu, akapiga magoti penye saruji mbichi na kuibonyeza kwa kidole. Alichukua muda mrefu, na mwoka mikate alimfuata nyuma, pembe kwa pembe. Mwishowe bwana afya aliinuka, akajipangusa magoti, akaandika, akagonga mhuri. Aliuliza walimpataje.

Mzee Saa alikuwa kwenye kizingiti. Alisema ilihitaji upepo kidogo tu, na kunyamaza kwingi. Bwana afya alimkodolea macho, akaondoka na kufuli lake. Binti alikuwa tayari ameshafungua gunia jipya.