Bahari ya Sebuleni

Kutoka mlango wetu wa Kasenga mpaka ziwani, mtu anaweza kwenda na ndoo tupu na kurudi nayo imejaa bila kubadilisha mkono. Na miaka ile maji yalipopanda, ziwa lenyewe lilitufuata hadi nyuma ya jiko bila kuitwa. Kwa hiyo mume wangu Emery aliponiambia anataka kujenga bahari ndani ya sebule, nilidhani masikio yangu yana ugonjwa.

"Bahari?" nikamuuliza. "Na ziwa iko pale, hauione?"

"Ile haina chumvi, mama Ornella."

"Chumvi ya kufanya nini?"

"Ya samaki."

Sisi huku samaki tunamtia chumvi akishakufa. Huyu alitaka kumtia angali hai. Nikaendelea kuchagua mchele, na mpaka mchele ukaiva nilikuwa bado sijaelewa kitu.

Niseme kwanza Emery ni nani, maana siku zile hata mimi nilikuwa najiuliza. Ni fundi wa mabomba. Aliondoka kwenda Dar es Salaam binti yetu Ornella akiwa na miaka mitatu, akapata kazi katika hoteli moja yenye kioo kikubwa pale wageni wanapoingilia, kioo kilichojaa maji ya bahari, samaki wa rangi na mawe yaliyo hai. Kazi yake ilikuwa kukitunza kioo hicho. Akakaa huko miaka sita. Hakutusahau, hilo sitamdhulumu. Kisha akatokea nyumbani na begi moja, akasema amerudi, basi.

Lakini begi lile hakulifungua. Maana yangu ni kwamba alilifungua asubuhi, akatoa shati, na jioni akalikunja shati akalirudisha humo humo, chini ya meza ya televisheni. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi wa kwanza, wa pili. Mtu aliyerudi kwake anaweka nguo zake kama mtu anayesubiri gari?

Na kulala je? Usiku wa kwanza alisimama mlangoni mwa chumba, akatuangalia mimi na Ornella kitandani, akasema, "Mulale tu, minye nitalala mu salon." Nikafikiri ni uchovu wa safari. Usiku wa pili akasema vilevile. Usiku wa tatu hakusema, alikwenda tu sebuleni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilisubiri huyu mgeni wangu ashike jembe, akashika gundi ya vioo.

Alianza na matofali ya saruji, akajenga msingi ukutani pale makochi yalipokuwa. Akaleta vioo, akavigundisha kimoja kimoja, akatupiga marufuku kuvigusa mpaka gundi ikauke. Kioo kimoja alikitoboa tundu. Nilimkuta amepiga magoti anamwaga maji kwenye ncha ya mashine huku anatoboa taratibu, ulimi nje, na nikashangaa zaidi. Mtu anatengeneza chombo cha maji kisha anakitoboa?

"Maji itatoka hapa," akanieleza, "inashuka na hii tiyo, inaingia ku tangi ya chini. Pale inasafishwa. Halafu pompe inayarudisha juu."

"Inashuka ili ipande?"

"Eh."

"Sasa si ingebaki juu?"

Akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu arudi, na nikakasirika, kwa sababu alikuwa anachekea bomba na si mimi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini zake zilikuwa zimeanza kunitisha.

Chumvi ilikuja na Habonimana, rafiki yake dereva, anayetoka Dar kupitia Kigoma na Bujumbura. Haikuwa chumvi ya Uvinza tunayoijua. Ilikuwa ndoo nyeupe iliyofungwa na kifuniko, na Emery aliipima kama dawa ya mtoto. Majirani walikuja kuangalia. Safari iliyofuata Habonimana alileta mawe, moja likiwa hai, kisha samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa hewa. Wadogo hivi kwamba nisingewaweka hata kwenye sufuria ya mtoto anayecheza. Na wazungu, nisikilizeni, wazungu wanatoka kwao kuja kununua samaki wa ziwa letu kwa ajili ya mapambo! Sisi tunatoa wetu, Emery analeta wa mbali.

Pamoja na samaki Habonimana alileta neno. Ile hoteli inamtaka Emery arudi. Wamejaribu fundi mwingine, samaki wanakufa. Mwisho wa mwezi awape jibu.

"Na wewe unasema nini?" nikamuuliza Emery, Habonimana akiwa amekwisha kuondoka.

"Nitaona."

Nitaona! Mwanamke amekaa miaka sita, halafu anapewa nitaona. Jirani yangu Generose, ambaye huwa hakosi jibu hata pasipo na swali, aliniambia wazi pale uzioni: "Mama Ornella, bwana mwenye kulala mu salon iko na mwengine. Hiyo bahari ni ya kumukumbuka." Nilimwambia aende akapike. Lakini jioni nilipomwona Emery amekaa gizani mbele ya kioo chake, uso umepata rangi ya bluu ya taa, niliona wivu. Nilimwonea wivu mwanamke nisiyemjua, na samaki wawili ninaowajua. Nilikuwa namtaka mume wangu na sikujua nimwombe kwa mlango gani.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Hapa kwetu bomba likitoa maji, hakuna chombo kinachoachwa na nafasi. Linaweza kukauka siku nyingi, halafu asubuhi moja linakohoa, na mtaa mzima unapiga kelele. Tunajaza mapipa, bidoni, ndoo, sufuria, birika la chai, hata beseni la kuogea. Mama yangu alikuwa akikukuta na ndoo nusu siku ya maji, unaipata. Ndoo nusu ni uvivu, na uvivu ni kiu ya kesho.

Siku hiyo bomba lilikohoa. Emery alikuwa amekwenda na pikipiki Kavimvira, mpakani, kumpokea Habonimana. Ornella alikuwa shuleni. Nikajaza kila kitu mpaka nikabaki nimesimama na ndoo mkononi, nikitafuta pa kuimwaga. Hapo nikakumbuka tangi la chini. Nikafungua vile vimlango vya mbao chini ya kioo, nikachungulia. Lilikuwa nusu.

Nilimwonea huruma. Nikafikiri, maskini, kila siku nimemwona anaongeza kikombe cha maji humu, na hajapata bahati ya kulijaza. Leo acha nimsaidie. Labda akirudi akute mke wake amegusa kazi yake kwa mkono mzuri, atasema neno. Nikamimina ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakafika mdomoni kabisa. Nikafuta matone, nikafunga vimlango, nikafurahi. Nikawasha jiko nianze kupika ndagala huku naimba.

Umeme ukakatika. Hilo halikunishangaza, umeme kukatika ni kazi yake. Kilichonishangaza ni ukimya. Ile pampu iliyokuwa inanguruma usiku na mchana ilinyamaza, na badala yake nikasikia maji yanakimbia. Nilikwenda bombani, nimelifunga. Nikaangalia nje, hakuna mvua. Nikaingia sebuleni na miguu yangu ikaingia majini.

"Ziwa imerudi!" nikapiga kelele. "Mama, ziwa imerudi!"

Generose alisikia, akaanza kutoa magodoro yake nje.

Emery aliingia mbio, kofia ya pikipiki bado kichwani. Alipiga magoti ndani ya maji, akapeleka mkono nyuma ya kioo, akafunga vane, ile koki ya tiyo yake. Maji yakaacha kukimbia. Kisha akafungua vimlango, akaangalia tangi la chini.

"Ni nani alijaza huku?"

"Ni minye," nikasema. "Ilikuwa nusu."

Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze, nilikuwa na majibu yangu tayari. Akavua kofia, akakaa chini mle mle majini na suruali yake nzuri.

"Haikukuwa nusu," akasema. "Ilikuwa fasi."

"Fasi ya nini?" nikauliza, kwa maana nafasi niliyoijua mimi ni ya kujazwa.

"Ya maji yenye kuwa juu. Kuran ikikatika, pompe inasimama, maji ya juu inarudi chini. Sasa, kama chini umejaza, yenye kurudi itaingia wapi?"

"Si ungeniambia!"

"Haukuniuliza."

"Sikukuuliza? Minye? Emery, niliuliza chumvi, niliuliza mawe, niliuliza ju ya nini unatoboa kioo, niliuliza utaenda ao utabaki, ukaniambia nitaona! Unaongea na samaki kuliko mimi! Na angalia!" Maana sasa nilikuwa nimeliona begi lake chini ya meza ya televisheni, limelowa hadi juu. "Angalia nguo zako! Ju ya nini ziko chini kama za mupita njia? Kabati iko mu chumba!"

Emery akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia katika mji asioujua.

"Mu kabati, fasi yangu iko wapi?"

Nikamshika mkono nikamkokota chumbani nimwonyeshe. Nikafungua mlango wa kabati kwa nguvu, na kitenge kikaniangukia miguuni. Kingine kikafuata. Mimi nauza vitenge sokoni, nanyi mnajua mzigo wa biashara unavyokaa: kuanzia chini hadi juu, kushoto na kulia, mpaka mlango unafungwa kwa goti. Penye mashati yake ya zamani palikuwa na doti za kitenge. Penye viatu vyake palikuwa na madaftari ya Ornella. Pembeni, msumari wake wa kofia ulikuwa umebeba mkoba wangu wa kanisani. Nilitafuta kwa macho mahali pa kuweka hata soksi. Nikatafuta tena.

Emery alikuwa amesimama mlangoni, pale pale aliposimama usiku ule wa kwanza.

"Mulikuwa mumelala katikati," akasema, akiangalia kitanda. "Weye na mutoto. Nikasema siwezi kuamusha mutoto ju ya muntu mwenye hajue."

"Nilifikiri hautaki kulala na minye."

"Noella." Hakuwa ameniita jina langu miaka sita. "Hapa nyumba inatembea muzuri. Mulango uko sawa, bomba iko sawa, mutoto anasoma, weye uko na biashara. Nilizunguka nikitafuta kitu chenye kuharibika nitengeneze, sikukiona. Kule, samaki wale walikuwa wananingoja. Basi nikasema niwajengee hapa, hata hapa kuwe kitu chenye kuningoja."

Nililia. Sitaficha. Nililia na kukasirika kwa pamoja, kwa sababu miaka yote ile nilijaza nyumba ili pengo lake lisinitazame, na nilijaza vizuri, na ningewezaje kujua?

Kisha tukafanya kazi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wao hawakuwa na raklete, ule ubao wenye mpira wa kusukumia maji. Emery aliyasukuma nje kwa raklete ile hadi mlangoni, akaniachia mimi tangi la chini. Nikachota na ndoo.

"Hapa?" nikauliza.

"Punguza tena."

"Hapa?"

"Tena kidogo."

Mkono wangu haukutaka. Ulikuwa unaona ni dhambi. Nikapunguza hata hivyo, mpaka tangi likabaki nusu, na nikalitazama vile lilivyo bila kuongeza kitu. Emery akapima chumvi upya, na samaki wakapona. Lile jiwe lililo hai lilijikunja kwa hasira siku kadhaa kama mimi, kisha likafunguka.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jioni ile nilikuwa chumbani natoa vitenge kabatini kwa mikumbatio, navitupa kitandani, sijui nitavipeleka wapi, Ornella ananiuliza kama tunahama. Simu ya Emery ikalia. Ilikuwa Habonimana, anaondoka asubuhi, anataka jibu la kuwapelekea watu wa hoteli. Emery akasimama na simu sikioni, mashati yaliyolowa mkono wa pili, akanitazama.

"Mwambie uko na kazi," nikasema. "Mwambie uko unapanga nguo."

Akamwambia hivyo hivyo.