Ufunguo Uliokwenda Korogwe

Serafina alikuwa ameketi stendi ya Korogwe, beringi mpya imo mkobani mwake, akisubiri basi la kumrudisha Mkata. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama tangu alfajiri. Simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ufunguo uko wapi?" aliuliza Mama Sadala, mwenye mashine ya kusaga aliyemwajiri.

Serafina alipeleka mkono shingoni. Ufunguo ulikuwa pale pale, umening'inia kwenye uzi, umemgandia kwa jasho.

Asubuhi beringi ya mashine ilikuwa imevunjika. Alizima umeme, akatia kufuli lake kwenye swichi kuu, ndipo akaifungua mashine. Ndivyo alivyofundishwa melini. Usharika wake ulikuwa umemtuma kuhudumu katika meli ya misheni, hospitali nzima inayoelea, naye alianza kwa kufua mashuka ya wagonjwa. Kwa kuwa mashine za kufulia ziliharibika kila mara, fundi wa umeme, Mfilipino mmoja asiyependa maneno mengi, alimfundisha kuzitengeneza. Sharti lake la kwanza lilikuwa hili: atakayetia mkono ndani ya mashine atie kwanza kufuli lake kwenye swichi, na ufunguo usibanduke mwilini mwake mpaka kazi iishe. Melini sharti hilo halikumwudhi mtu. Mwenye ufunguo angekwenda nao wapi, na bahari imemzunguka pande zote?

Mkata, lakini, mota ilikuwa moja tu. Mkanda ukihamishwa, mota hiyo hiyo huendesha mashine ya kukoboa. Serafina alifunga safari bila kulikumbuka jambo hilo.

"Watu wamejaa hapa na mahindi ya kukoboa," alisema Mama Sadala. "Rukaya ana vibarua shambani wanaongoja kande. Nami nilikwambia siku ile ulipoanza: mashine ikinilalia siku nzima, namrudisha fundi wa zamani."

"Ulisema, mama."

Hakuwa amesahau. Kutoka Chanika hadi Korogwe alikuwa amepiga hodi kwenye kila mashine, na wenye mashine walimtazama mikono yake, wakamwuliza kama hana mume. Mama Sadala peke yake ndiye aliyemkubali. Akifukuzwa hapa, atarudi kufua nguo za watu.

Nyuma ya simu alisikia sauti ya Rukaya, mmoja wa wateja, haina haraka. "Mwulizeni, hiyo meli yake ilimfundisha kufunga tu? Kufungua walikuwa wanangoja wafike nchi kavu?" Akina mama wakacheka.

"Sadala ameshika nondo," Mama Sadala aliendelea. "Avunje?"

Serafina alifumba macho. Muda wote aliokaa melini hakuwahi kuona mtu akivunja kufuli la mwenzake. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, mambo yaishe, apumzishe kichwa.

"Mama, nani yumo ndani?"

"Hamna mtu. Sote tupo huku nje kwenye swichi."

"Na yule kijana wa kutumwa, Faraji, yuko wapi?"

"Faraji alitumwa maji."

"Mwite kwa jina, mama. Usimtafute kwa macho. Mwite."

"Serafina, nimechoka."

"Na mimi nimechoka, mama. Mwite."

Mama Sadala aliita, kwa sauti ya mtu anayemridhisha mtoto mkaidi. Kwa mbali, kutoka ndani, Faraji akaitika. Alikuwa amerudi na maji, akaona amsaidie mwenye mashine kabla hajaombwa. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mota, anauvisha mkanda kwa vidole.

 

"Toka huko," Mama Sadala alisema, wala hakuwa akisema na Serafina. "Toka, uje usimame hapa nikuone."

"Sasa avunje," alisema Serafina. "Ila mkanda ukitaka kuguswa tena, swichi izimwe kwanza, na wewe mwenyewe usimame hapo."

Alifika Mkata jua limekwisha kuzama. Wateja walikuwa wamekwenda zao, na pumba zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kuaga.

"Nikusanye vifaa vyangu, mama?"

Mama Sadala alivuta kigoda, akakiweka chini ya swichi, akaketi kwa kuguna na kushika kiuno.

"Tia hiyo beringi. Nikiwa hapa hagusi mtu. Na safari nyingine Korogwe atakwenda Sadala. Wewe utabaki hapa na mashine yako."

Serafina alipiga magoti mbele ya mashine. Spana ilimponyoka kwa uchovu, akaiokota.

"Umekula?" aliuliza Mama Sadala.

"Bado."

"Hata mimi. Basi fanya taratibu, lakini usilale humo."