Doa la Mkono Kwenye Nguzo

Pango lilipofungwa, Baba, aliyekuwa akiwaongoza wageni humo, alirudi nyumbani na tochi yake na ukali wake wote. Sasa linafufuliwa, na binti yake ndiye fundi wa kuosha mawe. Kwa brashi laini na sifongo anaondoa masizi, ukoga wa kijani ulioota kando ya taa za zamani, na mafuta ya mikono ya watu walioambiwa wasiguse wakagusa.

Alikuwa amebakiza nguzo moja tu ya jiwe. Ilisimama kwenye kona ya mwisho ya njia, na usawa wa bega ilikuwa na doa jeusi linalong'aa, ukubwa wa kiganja. Lilikuwa la marehemu mama yake. Mama aliogopa giza kupita kiasi, lakini kila mchana alimpelekea mumewe chakula humo ndani, na akifika hapo alijishikiza kwanza kwa mkono wenye mafuta ya kupikia, roho itulie. Binti aliizunguka nguzo hiyo wiki nzima akijifanya ana kazi nyingine.

Leo msimamizi wa kazi alifoka: kesho kuna ukaguzi, doa litoke. Binti akamwita baba yake aje aliage.

Mzee alilimulika kwa tochi. Kisha akacheka kidogo.

"Mkaidi yule! Kila siku nilimwambia, usishike jiwe, nishike mimi. Wageni wote walinisikia, yeye tu ndiye alinishinda."

"Tuliache, Baba. Nitawaambia halitoki."

"Udanganye watu kwa ajili ya mafuta ya kupikia? Mama yako angekucheka. Lete sifongo."

Aliliosha mwenyewe, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Binti alishika ndoo, machozi yakimtiririka, wala hakuyaficha. Jiwe lilipotakata, matone ya maji kutoka juu yakaanza kuteremka pale pale ambapo mafuta yalikuwa yakiyazuia miaka yote. Sasa nguzo, iliyojengwa na matone hayo hayo, ingeweza kuendelea kukua.

Halafu Baba akazima tochi na taa zote, kama alivyozoea kuwaonyesha wageni giza lenyewe. Huoni hata kidole chako. Binti, aliyerithi woga wote wa mama yake, akanyoosha mkono kuitafuta nguzo.

"Usishike jiwe, mwanangu," Baba akasema gizani. "Nishike mimi."

Binti akapapasa, akaupata mkono wa baba yake. Ulikuwa umelowa, na ulikuwa unatetemeka kuliko wake.