Mwizi wa Maji wa Akheri

Lomayani, msimamizi wa mfereji wa kijiji cha Akheri, aliijua tabia ya maji kuliko alivyoijua tabia ya mkewe, na hakuona haya kulisema. Basi asubuhi ile ya masika, mfereji ulipokauka huku mvua ikimnyeshea kichwani, hakupiga kelele. Alikwenda kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni.

Wenzake hukumu walishaitoa. "Watu wa juu mlimani wametuibia!" alifoka shemeji yake, Sironka. Wanaume ishirini wakashika marungu, wakateremka mtoni na kuanza kupanda mlima kwa kuufuata mkondo mkavu. Hasira hasara. Nani aibe maji wakati wa masika?

Kwenye dimbwi la banio Lomayani aliokota kibanzi kibichi cha mbao, na punje za barafu zikamchoma vidole. Akaelewa papo hapo. Jana mvua ya mawe ilipiga kule juu kwenye baridi, ambako mlowezi mmoja Mdachi alifyeka msitu na kuacha magogo ovyo mtelemkoni. Mtelemko usio na miti haushiki maji. Magogo yameporomoka hadi korongo linapobana, barafu na tope vimeziba mianya, na nyuma yake mto unajaa. Barafu ikiyeyuka tu, yote yanashuka.

"Tokeni huko mtoni! Mto umezibwa juu!"

"Watetee wezi wako!" Sironka alimjibu bila kugeuka.

Lomayani aliingiwa na hofu kweli. Sironka alikuwa kaka pekee wa mkewe.

"Sironka! Maji nimeyaiba mimi!" alipaza sauti. "Nimeyapeleka shambani kwangu. Njooni mnipige, kama nyinyi ni wanaume!"

Hawakuhitaji kubembelezwa. Wote walipanda ukingo mbio, Sironka mbele, na rungu lake likamshukia Lomayani begani mara mbili. Mara ya tatu halikushuka, kwa maana mlima ulinguruma. Chini yao, pale walipokuwa wakitembea, maji meusi yalipita yakivurumisha magogo na mawe.

Kesho yake wazee walikaa kikao. Kwa mila, msimamizi akikiri wizi wa maji, hata kwa uongo, kukiri hakufutwi: atachinja kondoo. Lomayani alichinja dume lake nono, akawagawia wote ishirini kwa mkono wake mmoja mzima.

Sironka alishika nyama, akashindwa kula. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Kula, shemeji," Lomayani akamwambia. "Leo mwizi ndiye anayekukaribisha."