Bega la Mheshimiwa Batt

Batt Lucey hakosi mazishi. Mbunge wetu huyu anaweza kukosa kikao, anaweza kukosa kamati, hata arusi ya binti wa dada yake aliikosa, lakini ukifa katika bonde la Coomlea utamkuta mlangoni mwa kanisa, kofia kwapani, akiwashika wafiwa mikono na kuwaita kila mmoja kwa jina lake. Redio ya kwetu husoma matangazo ya vifo kila asubuhi baada ya habari, na mkewe huwa anayasikiliza kalamu ikiwa mkononi. Kaka yangu Fachtna alikuwa akisema Batt anatupenda zaidi tukiwa tumelala chali.

Fachtna figo zake zilikufa akiwa na miaka hamsini. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali ya jijini, mwendo wa saa mbili, akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kisha akarudishwa nyumbani hoi. Gari lilikuwa la serikali. Dereva wake, Mossie, alikuwa mtu wa porojo, na naamini porojo zile zilimtibu kaka yangu sawasawa na mashine. Halafu baada ya Pasaka Mossie akaja na uso umemshuka. Magari yanaondolewa, akasema, kila mgonjwa ajitafutie usafiri au apande basi. Basi la Coomlea hupita Ijumaa, nalo hupita likipenda.

Kazi ikaniangukia mimi. Nafuga ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe hawajui sikukuu wala mgonjwa. Mama ni mzee, macho yake yameingia ukungu, haendeshi gari wala hasomi tena. Nilikuwa nakamua kabla hakujapambazuka, namwendesha Fachtna jijini, namsubiri garini, narudi kukamua tena huku nasinzia, kichwa nimekilaza ubavuni mwa ng'ombe. Jirani yetu Con alitusaidia alipoweza, ila Con naye ana ng'ombe wake.

Fachtna aliyaona yote hayo. Siku moja njiani akaniambia, "Eily, nimekuwa mzigo."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," nikamjibu.

Akatazama dirishani, mashambani, kisha akasema, "Ng'ombe wa kwetu hawana nundu, dada. Ndiyo maana wewe unaelemewa."

Tukacheka. Kwetu mambo mazito hupitia hapo hapo kwenye kicheko, ndiyo maana mara nyingi huwa tunachelewa kuyaona.

Basi tukaenda kwa Batt. Jumamosi mchana hukaa chumba cha nyuma cha baa ya Hanley na birika la chai, maana hanywi pombe, na hilo peke yake limempa kura za akina mama wengi. Watu hupanga foleni na shida zao: huyu bomba la maji limepasuka, yule mwanawe amenyimwa kibali cha kujenga. Batt alimsikiliza Fachtna mpaka mwisho. Machozi yakamlengalenga, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mnafiki mtupu ningemchukia nikamaliza. Akasema jambo hili atalisimamia yeye mwenyewe Bungeni, na akatualika Dublin tukae roshani, kwenye viti vya wageni, tusikie kwa masikio yetu.

Tulikwenda Jumanne, siku isiyo ya mashine. Batt alitupokea langoni, akatununulia nyama ya kondoo na viazi. Fachtna akaniachia viazi vyake vyote, maana figo hazikuvitaka. Kila askari na kila mhudumu alitambulishwa kwake. "Huyu ndiye Fachtna wangu," Batt akawa anasema, mkono begani mwa kaka yangu, na kaka yangu akawa anatabasamu kama mtoto wa komunio ya kwanza.

Tukapanda roshani. Nilipotazama chini nikadhani tumekosea saa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Palikuwa na naibu spika, karani wake, Batt, na naibu waziri mmoja wa mambo ya samaki. Waziri wa afya alikuwa na shughuli nyingine, kwa hiyo wametumwa samaki. Batt hakujali. Akasimama akanguruma kana kwamba watu wamejaa mpaka dirishani.

"Kule Coomlea kuna mtu anaitwa Fachtna Hickey," akasema. "Yuko pale juu, ananitazama. Mwambieni usoni kwamba nchi hii imekosa kiti kimoja cha gari cha kumbeba."

Naibu spika akamwonya asinyooshe kidole roshani. Batt akakinyoosha tena. Ngozi ilinisisimka, nakiri. Kisha yule wa samaki akafungua karatasi yake na kusoma, bila kuinua kichwa, kwamba serikali inalichukulia suala hili kwa uzito mkubwa na mgonjwa ndiye kiini cha kila kitu. Alipomaliza, yakawa yamekwisha. Nilimwona Batt akimshikia mlango, wote wawili wanacheka jambo fulani, na Fachtna naye aliliona.

Jioni hiyo video ilikuwa kwenye kila simu bondeni. Kwenye video humwoni mtu ila Batt na ngurumo yake, kwa hiyo huwezi kujua kwamba aliokuwa akiwangurumia ni viti. Watu wakapigiana simu. Batt kawakomesha, Batt kawapa za uso. Con alimwekea mama asikilize, mama akaomba irudiwe, ikarudiwa tena na tena, na kila lilipotajwa jina la mwanawe ndani ya Bunge la Ireland, alifanya ishara ya msalaba.

Kesho yake wapinzani walileta hoja kwamba magari yale yarudishwe. Ikapigiwa kura. Fachtna alikuwa jijini, mirija mkononi, na kwa vile alikuwa na muda wa kupoteza akatafuta kwenye simu aone kila mbunge amepiga kura upande gani. Hoja ilikuwa imeanguka kwa kura chache. Miongoni mwa walioiangusha alikuwemo Batt Lucey. Mimi nilikuwa kando ya kitanda. Fachtna alicheka mpaka mashine ikapiga kengele na nesi akaja mbio.

"Debe tupu, Eily," akasema alipopata pumzi. "Na mimi ndiye fimbo aliyolipigia."

Jumamosi nilikwenda kwa Hanley peke yangu. Sikupanga foleni. Nilimuuliza mbele ya watu jinsi mtu anavyoweza kulia Jumanne na kuua Jumatano. Batt akawaomba watu watupishe, akanivutia kiti, akanimiminia chai. Hakukana.

"Eily, sikiliza, mwanangu," akasema. "Hawa wa serikali wanaihitaji kura yangu Bungeni, kwa hiyo wananipa ninachoomba. Siku nikiwaangusha, hawanipi tena. Barabara ya Coomlea inawekwa lami mwaka huu kwa sababu yangu. Atapita kila mtu."

"Fachtna hatapita."

"Nilimsemea. Niambie nani mwingine alimsemea."

Ni kweli, hakukuwa na mwingine. Ndivyo wanavyotushika hawa. Anakusemea mmoja tu, kwa hiyo huyo mmoja anaweza kukufanya atakavyo. Niliiacha chai yake pale pale, nikatoka.

Vuli ikaja, kisha baridi. Fachtna akaniambia Con amejitolea kumpeleka kila Jumatatu, nipumzike. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu. Kumbe Con naye aliambiwa Jumatatu ni zamu yangu. Siku hizo kaka yangu alikuwa akiaga mama, anashuka hadi ghala la nyasi la chini, anajilaza kwenye nyasi kavu na koti lake, anarudi nyumbani saa ambayo gari lingemrudisha. Mama akimuuliza wamemfanyaje leo, anasema vizuri. Miguu ilimvimba, akaificha ndani ya buti za mpira. Januari, asubuhi ya Jumapili, moyo wake ulisimama jikoni akisubiri chai.

Daktari ndiye aliyetueleza ni mara ngapi hakuonekana hospitali. Con alikaa juu ya ukuta wa ua wetu akalia kwa sauti.

Batt alikuwa wa kwanza kufika kanisani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole kwa msiba, Eily," akasema, na mimi nikamwachia mkono wangu kama ambavyo ungemwachia mtu kipande cha kuni. Hutamnyima mtu mkono kwenye mazishi. Kwetu hilo halifanyiki, hata kwa adui.

Kutoka kanisani hadi makaburini wanaume hupokezana jeneza, sita kwa sita. Langoni mwa makaburi Batt akavua kofia akasogea kuchukua zamu yake. Hapo nikashindwa. Nikasimama mbele yake.

"Alipokuwa hai ulimnyima kiti cha gari," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Leo unambebaje?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Watu wakatazama viatu vyao. Naamini angerudi nyuma, kama si mkono wa mama ulionishika kiwiko.

"Mwache mtu abebe," mama akasema. "Usitutie aibu, Eily. Kaka yako yuko juu ya mabega ya watu."

Nikapisha. Batt akaingiza bega chini ya jeneza, bega la kushoto, upande wa kichwa. Alimbeba vizuri, siwezi kusema uongo, akihema na machozi yakimtiririka, na hakukubali kupokewa mpaka kaburini.

Uchaguzi ulikuja Mei. Mama akavaa koti lake la kanisani, akaniambia nimpeleke shuleni kunakopigiwa kura. Tukapita barabara mpya. Lami ilikuwa nyororo, kikombe cha chai kisingemwagika, na njia yote hiyo nilikuwa nikimfikiria Mossie na lile gari lake la wagonjwa.

Kwa kuwa mama haoni, sheria inamruhusu mtu wake aingie naye na kumwandikia. Kwetu huweki alama ya vema, unaandika namba: moja kwa unayemtaka kuliko wote, mbili kwa anayefuata, hivyo hivyo. Nikamtandazia karatasi, nikamsomea majina taratibu. Nilipofika kwa Batt akanigusa.

"Hapo moja," akasema.

"Mama, unajua alivyopiga kura."

"Najua. Mnadhani mimi kiziwi pia?"

"Na bado?"

Nilisikia penseli ya mtu wa kibanda cha pili ikikwaruza. Kisha mama akasema, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto sala, "Alimbeba mwanangu, Eily. Mimi nilikuwepo."

Asingeona. Ningeweza kuandika moja popote nilipotaka. Niliishika ile penseli mpaka msimamizi akakohoa, na mama akawa ananisubiri, uso ameuinua kuelekea sauti yangu, akiniamini kabisa, kama alivyomwamini Fachtna kila Jumatatu aliporudi na majani makavu kwenye koti.

"Umeandika?" akauliza.

Nikaandika moja, pale pale aliponiambia. "Nimeandika, mama."