Amandema ya Mujane wa Murara

Nyumba yetu ya Murara ililiwa na volkano mwaka wa 2002. Siku walipoandika watu waliounguliwa nyumba, mimi nilikuwa shambani Kalengera. Bibi yangu wa ndoa, Nyirakamana, ndiye aliyepanga musitari, na fishe, ile karatasi ya kuandikishwa, ikatoka kwa jina lake. Mwaka wa 2008 vita vikamukuta njiani, akafa. Mimi nikabaki na fishe.

Halafu waheshimiwa wa provense wakaleta sheria ya kugawia waliounguliwa parsele, viwanja vya kujenga. Artikle ya nne ya ile sheria ilisema parsele atapewa mwenye jina kwenye fishe. Basi. Na mwenye jina yuko chini ya udongo.

Nikaenda kwa Ruffin, depite wetu tuliyemupigia kura.

“Papa Habarurema, haiko kazi kubwa,” akasema. “Tunaongeza maneno matatu: ‘ao mujane wake’. Ndiyo inaitwa amandema. Andikisha kwenye karatasi, uniletee kesho asubui nitie sinyatire, sahihi yangu, mbele ya debat kufungwa.”

Debat, mimi nilijua ni watu kubishana. Sikujua inafungwa kama duka. Na karatasi ya mutu mumoja naijua: shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, anafungia karanga. Kwa hiyo nikaizungusha kartie nzima, nyumba kwa nyumba, watu watie kidole.

Jirani yangu Marcelline akanicheka: “Muzee, unatafuta parsele ao unatafuta bibi mupya?” Lakini naye akatia. Siku ya pili jioni nilikuwa na vidole sitini na kimoja, na wino mpaka kwenye shati.

Kesho yake nikamukuta Ruffin kwenye mulango wa kikao.

“Papa, hii ni nini?”

“Amandema. Kartie yote imekubali.”

“Amandema inatiwa sinyatire na depite, si kartie. Hii ni petisio, maombi ya watu. Na debat ilifungwa jana, artikle ya nne imepita.”

“Tia sinyatire sasa. Nafasi iko, hapa chini.”

“Haipokelewi tena. Ni reglema, kanuni ya kikao chetu.”

“Nani aliiandika?”

“Sisi wenyewe.”

“Basi nayo muiongezee maneno matatu.”

Polisi wa mulangoni akacheka. Ruffin akanishika bega, akaingia ndani. Vita walishindwa kuvimaliza miaka yote, lakini debat wakaimaliza kwa siku mbili.

Siku ya kugawa, karani akaita: “Nyirakamana!”

Nikasimama na fishe.

“Wewe ndiye Nyirakamana?”

“Ni bibi yangu.”

“Aje mwenyewe,” akasema, akaita jina lingine.