Mlango Uliorandwa Mara Nne

Seremala alikuwa bingwa wa milango, na ubingwa huo ndio uliomvimbisha kichwa. Alijenga nyumba chini ya kilima, akakimega kilima chenyewe kwa nyuma ili apate chumba cha mtoto. Mama mkwe wake alipokuja kumwona binti yake aliyejifungua, alimkuta bwana huyo anaranda mlango wa chumba hicho.

"Una nini tena huo mlango?"

"Umevimba tu, mama. Mvua hizi! Mbao inakunywa maji kama mlevi."

"Umeuranda mara ngapi?"

"Hii ya nne," akajibu, kifua mbele, utadhani anapewa medali.

Mama aliishia darasa la saba, lakini macho anayo. Mlango ulikaza kona moja ya juu. Chini paka angepita. Akazunguka nyuma. Miti ya kilimani imeinamia nyumba, na juu yake ardhi imepasuka ufa wa kumeza mguu. Mkwe wake alikuwa ameujaza vumbi la mbao. Vumbi la mbao! Akalisawazisha na kulishindilia vizuri, mjinga yule.

"Baba, kilima kinatembea. Kinasukuma ukuta."

Seremala akacheka mpaka machozi. "Kina miguu? Mama, mambo ya fundi tuachie mafundi."

Mama akamwacha hapo. Akaingia ndani.

"Mfunge mtoto mgongoni, twende kwangu."

"Mume wangu atanuna," binti akanong'ona.

"Na anune! Kununa kumeshaua nani?"

Binti akasimama katikati ya chumba, mbeleko mkononi, akisikiliza randa ikikwaruza nje. Kisha akamfunga mtoto.

Siku ya tatu, mchana, mvua ikinyesha, kilima kikaingia chumbani bila kubisha hodi. Kitanda cha mtoto hakikuonekana tena. Seremala alipona kwa sababu alikuwa kibandani kwake barabarani, akiwafundisha wateja jinsi mvua inavyovimbisha mbao.

Jioni alifika kwa mama mkwe, matope mpaka magotini. Wakadhani ataomba radhi. Wapi!

"Mke wangu," akasema, macho yanang'aa, "kilima kimeshuka chote. Sasa nyuma pamekuwa tambarare. Tutapata vyumba viwili!"

Mama akafungua kinywa, lakini binti akamtangulia.

"Jenga hata kumi," akasema, akimhamishia mtoto kwenye titi la pili. "Utalala mwenyewe."